Kaunta Buku Moja: Shajara ya Safari ya Kanisa, Tabora hadi Herrnhut

Tabora, wiki ya Epifania

Wazee wa kanisa wamekubali mradi. Ushirika wetu wa Moravian umealikwa na ndugu wa Herrnhut, Ujerumani, mji mama wa Wamoravian, kukaa nao Juma la Mateso na Pasaka. Kikundi ni kidogo: mchungaji, akina mama wa Idara ya Wanawake, mpiga tarumbeta wetu, vijana, na mimi mwalimu wa shule ya Jumapili. Nimekabidhiwa shajara ya safari. Humu naandika jinsi kazi hiyo inavyokwenda, mbali na shajara yenyewe, ili kikundi kitakachosafiri baada yetu kipate pa kuanzia.

Nauli yetu imetoka kwa watu. Kuna aliyetoa gunia la mahindi, kuna aliyetoa debe la karanga, kwaya imeimba kwenye harusi na kuleta bahasha nzima bila kuifungua. Aliyetoa mahindi yake ana haki ya kujua yalimfikisha nani wapi, na huko alikofika alifanya nini. Kwa sababu hiyo nilisimama kikaoni nikaomba shajara isiwe daftari la siri la kila msafiri. Iwe kitabu kimoja cha ushirika, kiandikwe kwa zamu, na tukirudi kisomwe kwa sauti mbele ya waliotutuma.

Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, si simu mnazo? Pigeni picha, tumeni kwenye kundi la WhatsApp, yaishe." Nilimjibu kwa heshima kwamba picha tutapiga. Ila picha itaonyesha tulivyosimama mbele ya jengo, haitasema mwenyeji alituambia nini tukiwa tunamenya viazi jikoni kwake. Na wengi wa waliotoa mahindi hawana simu za kupokea picha. Akatikisa kichwa akasema, "Basi andikeni, lakini mwandike tunayotaka kuyajua sisi."

Sentensi hiyo ndiyo imekuwa kanuni ya mradi. Nimeiandika ndani ya jalada.

Kwihara, Jumamosi kabla ya Kwaresima

Nimewapeleka vijana wa kikundi Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Wamekulia Tabora, na zaidi ya mmoja alikuwa hajawahi kuingia. Nilitaka wasimame mahali ambapo shajara zilipita. Stanley alipoondoka hapa Machi 14, 1872, alikuwa amebeba shajara ya Livingstone, imefungwa kwa lakiri, kuipeleka Uingereza. Livingstone mwenyewe alibaki hadi Agosti akisubiri wapagazi.

Mwaka uliotangulia, akiwa Nyangwe upande wa Manyema, Kongo ya leo, karatasi zilimwishia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, mistari yake ikikatiza maandishi ya chapa, kwa wino aliotengeneza kwa mimea ya huko. Wino ule ukafifia, na kurasa zile hazikusomeka vizuri kwa zaidi ya miaka 100, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kutoa maandishi yake hadharani mwaka 2011. Kijana wetu mmoja akasema papo hapo, "Basi tununue kalamu ya maana." Nimelichukua kama azimio.

Lakini mtu niliyetaka hasa wamjue ni Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, akakamatwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akaokolewa, akasomeshwa na wamisionari Nasik, India. Mwaka 1872 akajiunga na msafara wa Livingstone hapa hapa Unyanyembe. Livingstone alipofariki huko Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti. Kisha yeye na wenzake wakaubeba mwili kurudi pwani. Oktoba walipita Kwihara, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wauzike mwili hapa. Wakakataa, wakaendelea. Wainwright akasafiri nao hadi Uingereza, na Aprili 18, 1874 alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza ndani ya Westminster Abbey. Shajara aliyoiandika kwa mkono wake imehifadhiwa Scotland hadi leo.

Na mwisho wake? Alirudi Afrika, akamalizia maisha yake Urambo mwaka 1892. Urambo! Wakati ule palikuwa kituo cha London Missionary Society, chama cha wamisionari wa Uingereza. Miaka 6 baadaye, 1898, kituo hicho kilichukuliwa na Wamoravian, na kanisa letu katika nchi ya Wanyamwezi likaanzia hapo. Vijana walinyamaza kabisa niliposema hivyo. Katika vitabu vingi vya misafara ile wapagazi wanatajwa kwa idadi tu, mia na kitu. Huyu aliandika akiwa mmoja wa wabebaji. Wanangu, niliwaambia, kwenda ng'ambo na kalamu mkononi si jambo geni katika mkoa huu.

Tabora, Kwaresima, wiki za mwanzo

Sanduku la maswali limewekwa mlangoni pa kanisa, na kwa wasioandika, mabinti wa kwaya wamekaa na kalamu baada ya ibada. Nilitarajia maswali kuhusu theluji na ndege. Yamekuja mengine.

Bibi mmoja anayekaa benchi la mbele: "Wanazikaje watu wao?" Fundi baiskeli: "Kanisa lao linajaa?" Mtoto wa darasa la pili: "Watoto wa huko wanakaa wapi ibadani?" Mkulima wa tumbaku kutoka Urambo aliyekuja kumwona dada yake: "Wanajua kuwa bado tupo, tangu wamisionari walipoondoka?" Na swali moja lisilo na jina, kwa mwandiko wa kutetemeka: "Wanatuombea kwa majina yetu au wanasema tu Afrika?"

Nimeyagawa. Kila msafiri amepewa maswali yake, na kila swali nimeliandika juu ya ukurasa mtupu ndani ya kitabu, jibu lije kujazwa huko. Hii ndiyo hatua ninayoisifu kuliko zote katika mradi mpaka sasa. Msafiri mwenye swali la mtu mwingine mfukoni hutazama kwa macho mawili zaidi.

Vifaa: kaunta buku ya kwaya tatu (kwaya ya karatasi, si ya waimbaji), iliyoshonwa, si ya gundi, maana ya gundi huachia kurasa ikifunguliwa sana. Kalamu za wino mzito mweusi. Penseli za kuchorea. Mfuko wa nailoni. Gharama zote zimeingia kwenye daftari la mhasibu, hata penseli.

Tumekubaliana pia namna ya kuandika. Zamu hubadilika kila jioni, hakuna anayeruka, hata mchungaji. Ukurasa unaanza na tarehe, mahali, na fungu la siku. Wamoravian tuna kitabu cha mafungu ya kila siku kinachotoka Herrnhut tangu kile cha kwanza cha mwaka 1731. Fungu la Agano la Kale huchaguliwa huko kwa kura, na siku moja watu wa lugha nyingi duniani husoma neno lile lile. Baada ya fungu, habari za siku. Mwandishi aandike siku hiyo hiyo kabla ya kulala, maana kesho yake majina yanapotea, kisha ladha ya chakula, kisha mpangilio wa mambo, na kinachobaki ni "ilikuwa vizuri sana". Neno "vizuri" tumelipiga marufuku. Kama chakula kilikuwa kizuri, andika kilikuwa chakula gani na nani alikipika.

Jambo moja lilizua mjadala mrefu: maneno ya wenyeji. Mama mmoja wa Idara ya Wanawake alisema tusimwandike mtu bila yeye kujua. Vijana wakaona hilo litatuchelewesha. Mama akashinda, na alistahili kushinda. Mtu akikukaribisha mezani kwake na kukueleza habari za mwanawe, hakukupa ili zisomwe Tabora kwenye kipaza sauti. Tutamwuliza kwanza. Akikataa, tunafunga mdomo na kalamu.

Dar es Salaam na kurudi, katikati ya Kwaresima

Tumekwenda kuomba viza ya Schengen. Fomu, picha, alama za vidole, barua ya mwaliko, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ada ya euro 90 kwa mtu mzima. Nimeandika kiwango hicho kwenye shajara kwa makusudi, maana waliochanga wakiuliza fedha ilienda wapi, sehemu kubwa ilianza kwenda hapo kabla hatujaona hata bawa la ndege.

Tabora, wiki mbili kabla ya Matawi

Viza zimetoka, ila si zote. Mpiga tarumbeta wetu na kijana mmoja hawakupata. Mpiga tarumbeta ni mtu mzima, amepuliza kwenye makaburi yetu kila alfajiri ya Pasaka tangu nikiwa binti, na ndugu wa Herrnhut walikuwa wamemwomba apige pamoja nao. Alikuja kwangu jioni, akakaa, akanywa chai, hakusema mengi. Kisha akasema, "Dada, lile sanduku la maswali. Na sisi tunaobaki tunaweza kuulizwa?"

Nilimwomba anieleze. Akasema kama ninyi mnakwenda kuangalia wanavyofanya Juma la Mateso, nao huko watataka kujua sisi tunavyofanya. Nani atawaandikia?

Kwa hiyo kuna kaunta buku mbili sasa. Ya pili inabaki Tabora, kwake na kwa yule kijana. Fungu la siku litakuwa moja, tarehe moja, na kila jioni wataandika yaliyotokea hapa. Tukirudi, kurasa zitasomwa kwa kupokezana, siku kwa siku, huko na huku. Mradi umekuwa mkubwa kuliko nilivyoomba kikaoni, na namshukuru Mungu kwa huyu kaka.

Njiani

Basi hadi Dodoma kupitia Manyoni, treni ya SGR hadi Dar es Salaam, ndege hadi Addis Ababa, nyingine hadi Frankfurt, treni hadi Dresden, treni hadi Löbau, halafu gari la wenyeji. Aliyekuwa na zamu aliandika mistari michache tu kisha akalala, na sikumlaumu. Nimebandika tiketi zote za karatasi kwenye ukurasa wake.

Herrnhut, Jumapili ya Matawi

Mji ni mdogo kuliko tulivyoufikiria. Kwenye mafundisho ya kipaimara tulikariri: wakimbizi kutoka Moravia, Christian David akaangusha mti wa kwanza Juni 17, 1722 kwenye ardhi ya mkabaila Zinzendorf; Agosti 13, 1727 Roho akawaunganisha; 1732 Dober na Nitschmann wakatoka hapa kwenda kisiwa cha St. Thomas, Karibi, kwa watumwa wa mashamba ya miwa. Mambo makubwa hivyo, nasi tulitegemea mji mkubwa. Unaweza kuuzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, pamoja na miji mingine ya Wamoravian ya Marekani na Ireland Kaskazini, ikiungana na Christiansfeld ya Denmark.

Ukumbi wa ibada ni mweupe wote. Kuta nyeupe, mabenchi meupe, hakuna madhabahu, hakuna picha; meza tu ya anayeongoza, na watu wanakaa kwa upana wakimtazama. Fundi baiskeli aliuliza kama kanisa linajaa. Kijana mwenye swali lake alihesabu mabenchi, akatazama, akaandika: leo pana watu wengi, lakini wengi wana mvi. Kisha akauliza wenyeji kama ndivyo siku zote. Mzee mmoja wa hapa akamjibu bila kuficha kwamba Jumapili za kawaida nafasi hubaki nyingi, na kwamba wanajua vizuri kuwa Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa Ulaya yote. "Tunawategemea ninyi mtuombee," alisema. Tulipewa ruhusa ya kuandika sentensi hiyo na jina lake. Jina liko kwenye shajara.

Mtafsiri wetu ni bibi aliyewahi kufanya kazi Tanzania zamani. Asubuhi alitupokea kwa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka!" Akina mama nusura waangushe mizigo.

Jumatatu na Jumanne za Juma la Mateso

Kila jioni ukumbini husomwa habari za mateso ya Bwana, siku ile ile ilivyotokea, kutoka Injili zote nne zilizounganishwa, na kati ya vifungu watu huimba. Hakuna mahubiri. Nasi nyumbani tunasoma hivyo hivyo. Tuliimba beti zetu kwa Kiswahili, wao kwa Kijerumani, tuni moja. Mama aliyekuwa na zamu ameandika ukurasa mzuri kuliko wangu wote: alimwangalia mama jirani yake mikono, ikiwa imepasuka kwa kazi ya bustani, ikifuata mistari ya kitabu, akajua wako wapi kwenye wimbo kwa kuangalia kidole.

Ujumbe wa sauti kutoka Tabora: mvua imenyesha wakati wa kusoma, bati lilipiga kelele hadi msomaji akasubiri. Mpiga tarumbeta wetu ameandika hilo kwenye kaunta buku ya nyumbani. Nimefurahi kwamba ameandika bati.

Jumatano, nyumba ya kumbukumbu

Tulipelekwa kwenye nyumba ya kumbukumbu za kanisa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mradi wetu ulipopata ndugu zake wakubwa.

Wamoravian wa karne ya 18 waliandika shajara kila mahali walipokwenda. Si shajara za mtu binafsi tu. Kila kituo na kila ushirika ulikuwa na yake, na nakala au muhtasari wake ulitumwa huku. Huku wanakili walizikusanya, wakaandika upya kwa mkono, zikapelekwa tena kwenye shirika zote, na siku maalumu ya mwezi watu walikusanyika kusomewa habari za ndugu wa Greenland, wa visiwa vya Karibi, wa Amerika ya Kaskazini. Waliokuwa wamechanga na kuomba waliketi wakisikiliza. Nilipofafanuliwa hilo nilimtazama mchungaji, naye akanitazama. Tulichokiomba kikaoni Tabora kilikuwa desturi ya kanisa letu wenyewe.

Tulionyeshwa pia karatasi za Unyamwezi. Mwandiko ni wa Kijerumani cha zamani, ambao hata vijana wa hapa hawausomi bila kufundishwa. Lakini majina ya mahali yanasomeka, na kijana wetu alipoliona neno Urambo alilisoma kwa sauti kubwa, mtunza nyaraka akatabasamu. Swali la mkulima wa tumbaku, kama wanajua kuwa bado tupo, lina jibu la kurasa mbili. Kwa kifupi: wametuhifadhi tulivyokuwa, na yaliyofuata wanayajua kidogo tu. Kuna mzee aliyeuliza kama treni imefika Tabora. Ilifika 1912. Mchungaji akamweleza kwa upole.

Tena kuna maandishi ya maisha. Kila Mmoravian wa hapa alitarajiwa kuandika habari za maisha yake mwenyewe, jinsi Mungu alivyomwongoza, na akifa husomwa mazishini, ndugu wakiongeza mwisho wake. Yapo maelfu: mafundi viatu, wajakazi, wamisionari, wajane. Kwetu wasifu wa marehemu huandikwa na familia usiku wa msiba, haraka, tarehe za kuzaliwa na idadi ya wajukuu. Mama wa Idara ya Wanawake amesema akirudi ataanza kuandika wake. Amesema kwa sauti mbele ya wote, na nimeandika, ili tumkumbushe.

Ijumaa Kuu na Jumamosi

Mwenyeji wangu alinieleza mama yake alivyosimulia Mei 1945, vita ilipokuwa inaisha na katikati ya mji ikaungua, ukumbi wa ibada nao. Ukajengwa upya miaka iliyofuata. Nilimwuliza kama naweza kuandika. Alifikiri, akasema moto niandike, ila jambo jingine alilonieleza kuhusu familia nisiandike. Halimo.

Jumamosi tulikaa karamu ya upendo ukumbini: chai, mikate midogo mitamu, nyimbo. Watoto walikaa pamoja na wazazi wao, wachache. Swali la mtoto wa darasa la pili limejibiwa kwa mchoro wa penseli, maana yeye bado anasoma polepole.

Pasaka

Matarumbeta yalituamsha gizani. Tulikwenda ukumbini, kisha kwa maandamano hadi makaburini mlimani, kwenye eneo wanaloliita Shamba la Mungu. Bibi wa benchi la mbele aliuliza wanazikaje. Mawe yote yamelazwa chini, ukubwa mmoja, fundi na bwana sawa; wanaume upande wao, wanawake upande wao, wakifuatana kwa tarehe ya kufa na si kwa koo. Zinzendorf na watu wake tu ndio wenye makaburi yaliyoinuliwa, katikati. Jua likachomoza tukiwa pale. Katika liturujia tuliomba tudumu katika ushirika na ndugu walioingia katika furaha ya Bwana wao tangu Pasaka iliyopita. Tulikuwa na majina yetu ya kuyataja moyoni. "Bwana amefufuka!" "Amefufuka kweli kweli!" Tuliitikia Kiswahili, hakuna aliyegeuka kushangaa.

Mchungaji alikuwa na zamu. Ameandika kwamba katika safu ya wapulizaji waliacha nafasi moja wazi. Waliambiwa habari za kaka yetu, wakaamua hivyo wenyewe. Saa moja kabla, kwa tofauti ya saa, yeye alikuwa amekwisha kupuliza Tabora. Maneno yake kwenye kitabu cha nyumbani: "Nimepuliza beti moja zaidi, ya wale wa Herrnhut." Hawakuwa wamewasiliana.

Swali lisilo na jina, kama wanatuombea kwa majina: katika ibada waliomba kwa ajili ya "kanisa la Tanzania". Tulipoondoka, kikundi cha maombi cha akina mama kiliomba orodha. Tumewapa majina ya waliokubali kabla ya safari kutajwa. Kila jioni niliupiga picha ukurasa wa siku na kuutuma kwa mhasibu, endapo kitabu kingepotea. Hakikupotea.

Tabora, baada ya Pasaka

Vitabu vyote viwili viko mezani kwangu. Binti mmoja wa kwaya anachapa kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa. Kazi yangu ni kulinganisha siku, na kuhakikisha mwandiko wa kila mmoja unabaki wake. Kuna aliyetaka nirekebishe Kiswahili cha vijana kisikike kama cha mchungaji. Nimekataa. Nimesahihisha tahajia tu.

Nyumba ya kumbukumbu imeomba nakala. Hapa wazee wamegawanyika. Upande mmoja unasema ni heshima, itakaa pamoja na karatasi za Urambo, na safari hii ni sisi wenyewe tulioandika. Upande wa pili unauliza kwa nini maandishi yetu yahifadhiwe mbali tena, mjukuu wa hapa aombe viza kwenda kuyasoma. Hoja zote mbili nimezipima. Msimamo wangu nimeutoa kikaoni: asilia zote mbili zibaki Tabora, kwenye kabati la chuma la ushirika, nakala iliyochapwa iende Herrnhut, nyingine Urambo, na kurasa zenye habari ambazo wenyeji walitupa kwa masharti zisiende popote bila wao. Wazee wamekubali, isipokuwa suala la Urambo, ambalo linasubiri barua.

Usomaji umeanza, kila Jumapili baada ya ibada, siku moja ya safari kwa kila kikao. Anasoma aliyeandika. Watu hawaondoki. Ukurasa wa mawe ya makaburi ulirudiwa kwa ombi, na Bibi wa benchi la mbele akataka kujua mke na mume wanawezaje kulala mbalimbali; mjadala ukaendelea hadi chini ya mwembe nje. Mtoto wa darasa la pili amepewa mchoro wake. Mhasibu amesoma matumizi yote, hadi penseli, na fundi baiskeli akasimama kushukuru.

Yaliyobaki: ukurasa wa Alhamisi Kuu haujachapwa, tiketi zilizobandikwa zinahitaji kupigwa picha kabla gundi haijazila, na mkulima wa tumbaku hajasomewa jibu lake kwa sababu shughuli za mavuno zimemshika Urambo, kijana mwenye swali lake atampelekea mwenyewe. Jumapili ijayo ni zamu ya kaka yetu wa tarumbeta, kitabu cha nyumbani, Jumatatu ya mvua na bati. Ndugu wa Herrnhut wameandika kwamba wanatamani kuja. Kaunta buku ya tatu imeshanunuliwa, ya kushonwa, na safari hiyo kalamu tutawashikisha wao.